Msiufungie Njia

Mami,

Binti yangu, mama yako amenifukuza jikoni. Anasema nimekaa hapo tangu saa ya chai nikiangalia mfuko wako kama mtu anayengoja kuibiwa, na kama niko na neno nilitoe, ama nihame nimpishe apike. Kwa hiyo nimekuja huku kwa meza ya sebuleni, na nawasikia nyinyi wawili mkibishana juu ya sweta. Yeye anataka ubebe mbili. Wewe unamwambia, "Mum, kule ni joto, sweta nitaivalia wapi, ndani ya friji?" Siingilii. Ya sweta, ya dawa za malaria, ya kupiga simu ukifika, hayo ni yake na anayajua kuliko mimi.

Mimi niko na jambo moja, na lazima likufikie kabla hujakanyaga kile kisiwa cha Pwani unakoenda kufanya kazi.

Siku ile uliporudi kutoka kwa intavyuu ulituambia, bado umesimama mlangoni na viatu vya matope, kwamba uliwaambia wale wakubwa, "Baba yangu ni mmoja wa waliojenga ule ukuta." Ukasema walitabasamu na kuandika. Mama yako alinitazama. Wewe hukuona, ulikuwa unacheka. Ulipotoka kwenda kumpa ng'ombe majani ya nepia akaniambia, "Baba Wangechi, mwambie. Usipomwambia wewe ataambiwa na wenyewe, na ataambiwa mbele ya watu."

Ana haki. Kazi unayoenda kufanya ni kukaa katikati ya wataalamu na watu wa kijiji, uchukue maneno ya hawa uwapelekee wale. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mimi mahali hapo hapo, nikiwa mdogo kuliko wewe. Umekua ukisikia habari ya mawe niliyobeba. Hujawahi kusikia habari ya maneno niliyobeba, kwa sababu sikuwahi kuisimulia.

Utajiuliza mbona naandika kwa Kiswahili wakati mimi na wewe tunaongea Kikuyu hata na ng'ombe. Ni kwa sababu mambo haya yalitokea kwa Kiswahili. Nikiyageuza yatakuwa laini, na nimeyalainisha miaka ya kutosha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko hapa Gakindu nachuma kahawa ya nyanya yako na kungoja jambo litokee. Nilikuwa kijana wa kuangalia viatu. Mgeni akija nilikuwa napitia nyuma ya zizi ili nisisalimie. Lakini lugha nilikuwa nimezishika, Kiingereza na Kiswahili, A zote mbili, na Mathenge akasikia. Mathenge alikuwa fundi wa mawe aliyekaa Majengo, kule Nyeri mjini, nyuma ya msikiti. Alijulikana kote kwa gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe ambavyo umeviona kwa korongo la hapa chini. Kontrakta alikuwa amempa kazi Pwani, ya kujenga ule ukuta. Alikuja mpaka kwetu akamwambia nyanya yako, "Nipe huyu kijana. Mawe tutabeba sisi. Yeye atabeba Kiswahili."

Kisiwa chote kingeweza kuingia kati ya soko la Gakindu na kanisa letu, na nafasi ibaki. Upande mmoja hoteli, upande mwingine kijiji. Bahari ilikuwa inakula bustani ya hoteli. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vimepasuka ukutani, na minazi ilikuwa imesimama mizizi nje. Nakwambia hili ili usifikiri watu wa hoteli walikuwa wanacheza. Walikuwa na hofu ya kweli, na nusu ya kijiji ilikuwa inafanya kazi hapo.

Mathenge alisimama ufuoni, mikono kiunoni, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayenunua shamba. Akasema, "Hii ni korongo tu. Ni vile imejaa maji ya chumvi."

Tulicheka, lakini tuliamini. Wewe unajua tunavyoongea huku. Udongo wa shamba tunauita mchanga. Mchanga mwekundu, mchanga mzuri wa kahawa, osha miguu umejaa mchanga. Na mchanga wa huku ukishuka umeshuka. Mvua ikiubeba mpaka mtoni hujawahi kumwona mtu akienda kuurudisha. Ndio maana tangu shule ya msingi tunafundishwa kuchimba matuta, kupanda nepia kwa kingo, kuweka mawe. Ukiona mchanga unaenda, usimamishe. Hatukuwa na wazo lingine kichwani, na hatukujua kwamba tulikuwa na moja tu.

Hata mawe. Kwetu ukijenga gabioni mtoni unatoa mawe mtoni. Basi maji yakipwa tulikuwa tunatembea mpaka kwa ule mwamba wa matumbawe ulio mbele ya kisiwa, ule mawimbi yanapovunjikia, tunaubomoa kwa mtaimbo na kubeba vipande kwa mkokoteni wa mkono. Hakuna aliyetuuliza. Kulikuwa na mama mmoja tu wa kijijini, Bi Zuhura, aliyekuwa akituuzia mahamri na mbaazi asubuhi. Alikuwa akituangalia tukipita na yale mawe meupe anatikisa kichwa.

Bi Zuhura alinizoea kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kununua. Kiswahili changu kilimfurahisha sana. Siku moja nilimwambia, "Mama, kiti yako imevunjika," akaweka mwiko chini.

"Kiti yako? Na wewe ndiye mwenye A? Hiyo A walikupa au uliiokota?"

Nilijua ngeli zote, mami. Ningekuandikia jedwali zima bila kosa. Ni mdomo ndio haukuzizoea, na niligundua baadaye kwamba hata sikio.

Siku moja wanakijiji wakaomba kuonana na meneja wa hoteli kabla ukuta haujaanza. Meneja alikuwa mzungu, mtu mrefu mpole, Kiswahili chake kiliishia kwa salamu. Wakakaa kwenye nyasi za hoteli, na Mathenge akanisukuma mbele. Nilisimama hapo katikati, natamani zizi la kupitia nyuma yake. Bi Zuhura ndiye aliyesema, na alisema haraka, kama watu wasemavyo lugha ya kwao:

"Huu mchanga wahama. Miezi mingine uko kwenu, miezi mingine uko kwetu, ndio mwendo wake. Twawaomba jambo moja. Msiufungie njia."

Sasa soma polepole. Alisema msiufungie. Mimi nikasikia msitufungie.

Herufi moja. Alikuwa anauombea mchanga njia. Mimi nikasikia anawaombea watu. Na lile neno mchanga nilikuwa tayari nimelielewa kwa Kigakindu: udongo unaohama ni udongo uliopotea. Nikamgeukia meneja nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri cha shule kwamba wanasema udongo unapotea, kwenu na kwetu, na wanaomba njia yao ya kupita isifungwe.

Meneja akaweka mkono kifuani. Aliguswa. Akasema, waambie njia yao haitafungwa kamwe, naahidi mbele yao.

Nikawageukia. "Amesema njia haitafungwa. Ameahidi."

Mami, walifurahi. Wazee walimshika meneja mkono mmoja mmoja. Bi Zuhura alinipiga begani akasema, "Kumbe A yako ni ya haki." Kila mtu alirudi kwake akiwa ameridhika, na mimi nikaridhika kuliko wote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimesimama mbele ya watu na wakaondoka wakitabasamu.

Tukaanza kujenga. Ukuta ulipofika magotini, na zile mbavu za mawe zinazoingia majini zimeanza kupangwa, Bi Zuhura alikuja bila mahamri. Akatembea urefu wote wa msingi. Akaniita.

"Mbona mwaufunga? Si aliahidi?"

"Hajafunga, mama. Njia yenu ni hii hapa." Nikamwonyesha pengo tuliloacha kwa ukuta. Meneja alikuwa ameagiza ngazi nzuri za mawe, pana, ndizo fundi alizofanya kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote.

Akaziangalia zile ngazi. Akaniangalia mimi.

"Njia yetu? Sisi twapita popote, wanangu waogelea. Nilisema njia ya mchanga."

Hapo ndipo nilipoisikia ile herufi. Niliisikia mwilini. Nikasema, "Ngoja nitawaambia." Yeye akaondoka akiamini kwamba nimeenda kuwaambia.

Nilienda kwa Mathenge. Nilimwambia kwa Kikuyu, sauti chini, kwamba nadhani nilikosea neno siku ya mkutano.

"Neno gani?"

"Si neno zima. Ni U. Niliisikia TU."

Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa simiti. Akawaita wengine. "Kujeni muone. Ati nisimamishe kazi kwa sababu ya U!" Toka siku hiyo waliniita U. "U, leta maji. U, shika kamba." Na sikumlaumu, hata sasa simlaumu. Yeye alijua mawe, na mtu wa mawe hawezi kusimamishwa na herufi. Aliyepaswa kuambiwa alikuwa meneja. Nilienda mpaka mlango wa ofisi yake. Ulikuwa wazi. Alikuwa anaongea na simu, akaniona, akainua kidole kwamba ningoje kidogo. Na mimi, kwa sababu ameniona, nikaona haya. Nikatabasamu kama mtu aliyepotea njia, nikarudi kwa mawe.

Ni hivyo tu. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenizuia. Kidole cha mtu mpole kilisema ngoja kidogo, na sikungoja.

Ukuta uliisha. Bustani ikapona. Nilirudi nyumbani na hadithi, nikaoa mama yako nikiwa nayo, wewe ukaipata ukiwa mdogo na kuipeleka shule. Ile insha yako, "Baba yangu aliyesimamisha bahari." Mwalimu aliibandika ukutani. Nilienda siku ya wazazi nikaisoma nimesimama, wazazi wengine wananipigia makofi, na kwa sababu sikusema lolote wakafikiri ni unyenyekevu.

Lakini kabla wewe hujazaliwa nilikuwa nimeshaitwa tena kule, kurekebisha. Ndiyo sehemu ambayo hata mama yako nilimficha mpaka juzijuzi.

Mawimbi yalikuwa yanaupiga ukuta na kurudi na nguvu, yanachimba mchanga uliokuwa mbele yake. Maji yakijaa hakukuwa na ufuo tena hotelini, ni ukuta na maji. Wageni walikuwa wanakaa juu ya simiti. Kwa hiyo waliamua kuleta mchanga mwingine. Walileta mashine ya kufyonza mchanga chini ya bahari na kuumwaga mbele ya hoteli. Maji ya pale, ambayo nilikuwa naona vidole vyangu vya miguu ndani yake, yalikuwa rangi ya mto Sagana wakati wa masika. Yale majani yanayomea chini ya bahari, mahali samaki wadogo wanalelewa na akina mama walikuwa wakitafuta pweza, yalifunikwa. Matumbawe yaliyobaki yalivaa vumbi. Na mchanga ule mpya ulikaa kidogo, ukaondoka, wakawasha mashine tena.

Asubuhi moja tulikuta alama za kasa. Alikuwa amepanda usiku kutaga. Alama zilitoka majini moja kwa moja mpaka ukutani. Zikageuka. Zikafuata ukuta, karibu karibu, mtu angeona alikuwa anaupapasa. Zilifika kwa zile ngazi zetu nzuri. Mbele ya ngazi ya kwanza mchanga ulikuwa umechimbuliwa chimbuliwa. Halafu zikarudi majini, na pale karibu na maji kulikuwa na mayai, wazi, mawimbi yameshayafikia. Ngazi zilikuwa za miguu ya watu, mami. Nilizipima mimi mwenyewe, nikapanda na kushuka, nikamwambia Mathenge zinatosha.

Upande wa kijiji mchanga ulikuwa hauji tena. Ulikuwa unakwama kwenye zile mbavu za mawe. Bahari ilikuwa imekula minazi ya mbele, ukuta wa nyuma wa madrasa ulikuwa umelala kifudifudi, na jiko la Bi Zuhura halikuwepo. Alikuwa amehamia ndani zaidi, anapikia chini ya mabati mawili. Aliniona kabla sijajificha.

"Mkalimani! Umerudi? Ule mchanga wako uliosema wapotea, haya, umepotea kweli!"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, na alinipa hamri.

Nikamwambia, "Pole, Bi Zuhura."

"Pole ya nini? Kwani wewe ndiwe bahari? Ni yule meneja wako. Alituahidi kwa mkono kifuani, njia haitafungwa, kisha akatudanganya mchana kweupe. Sisi na watu wa hoteli, basi. Hatuketi nao tena."

Hapo ningesema. Alikuwa ameniwekea mlango wazi. Ningesema, Bi Zuhura, hakudanganya. Aliahidi kitu nilichomwambia mimi mliomba. Badala yake nilitafuna hamri. Nikameza. Nikasema ni tamu.

Sasa unaona mbona mkono wangu umekuwa mzito wiki hii yote. Ulituambia ofisi yako imekuonya kwamba watu wa kile kijiji ni wagumu, kila wakiitwa kwa mkutano hawaji, na wakija hawaongei. Ulituambia hoteli inataka kuongeza ukuta uzunguke mpaka upande wao, na wengine wanataka ufunguliwe mahali mchanga upite, na hakuna kinachosonga kwa sababu hawaaminiani. Ulisema, "Sijui waliwafanyia nini." Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nilijua walifanyiwa nini, na nani.

Sitakwambia ukuta uongezwe au ubomolewe. Mimi si mtaalamu, na mara ya mwisho nilipotoa maoni juu ya mchanga wa watu wengine umesoma yalivyokuwa. Najua kidogo tu, na hicho nilikijua hapa nyumbani. Ule mwaka wa mvua kubwa nilichimba mtaro juu ya kahawa yetu kugeuza maji. Nilijivunia mtaro ule. Jirani, Baba Kariuki, alikuja akasimama kwa ua, hakupiga kelele, akaniambia, "Njoo uone shamba lako." Nikamwambia shamba langu liko sawa. Akasema, "Hapana, ile ingine. Ile imekuja kulala kwangu." Mchanga wangu wote wa juu ulikuwa juu ya mboga zake. Tuliuzoa siku nzima na mikokoteni, yeye na mimi, na jioni alikuwa ameshaanza kunitania. Nilifikiri juu ya Bi Zuhura siku nzima. Kwa Baba Kariuki nilikuwa nimeweza kurekebisha kosa langu kwa sababu alinifuata mpaka kwa ua. Bi Zuhura angenifuata namna gani mpaka Gakindu?

Wewe si kama mimi. Wewe huoni haya, umetoa hiyo kwa mama yako. Lakini una haraka, na unapenda watu waondoke wakitabasamu, na hiyo umetoa kwangu. Wakiongea kule utasikia kila neno na utafikiri umeelewa, kwa sababu Kiswahili unakijua. Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Kama ningekuwa sijui lugha kabisa ningeuliza. Waambie warudie. Wakicheka, wacheke. Waulize, mchanga gani, njia ya nani. Utaonekana mjinga kwa dakika, na dakika hiyo mimi nilikataa kuilipa.

Na mkiwa na mkutano wa kwanza, kabla mtu yeyote hajakunjua ramani, naomba usiwaambie kwamba baba yako alijenga ukuta. Waambie wewe ni mtoto wa yule mkalimani. Sema jina langu. Waambie meneja hakuwadanganya. Waambie walisema msiufungie, kijana akasikia msitufungie, baadaye akajua, akanyamaza. Kama Bi Zuhura bado yuko hai muangalie yeye ukisema hivyo. Kama hayuko, sema hata hivyo, watoto wake watakuwepo. Nilifikiria kupiga simu niseme mwenyewe, na kama wewe unaona ni afadhali nipande gari nije, nitakuja, niambie tu siku. Lakini wasiingie kwa mkutano mwingine hata mmoja wakibeba kosa langu kwa jina la mtu mwingine.

Watanitukana. Wataalamu wako watakuwa wamekaa hapo, wataona watu wameanza kuongea ghafla, wote kwa pamoja, watakuuliza wanasema nini. Utataka kupunguza, kwa sababu ni baba yako. Usipunguze, mami. Watafsirie yote, neno kwa neno, mpaka watu wa kijiji wamalize.

Ni mimi,
Baba yako